Usiipambe dari ya stoo kabla haijapumua

Tuseme umerudi nyumbani Ronge mwezi wa Januari, na una akiba kidogo ya kibarua cha Mombasa au Nairobi. Mama anakuambia, "Mwanangu, hapo juu ya vyumba pamekaa bure tu. Si tupatengeneze tuwe tunaweka vitu?" Unapanda ngazi, unawasha tochi ya simu. Unaona mbao, utando wa buibui, mabati, na nafasi ambayo Nairobi ungeilipia kodi.

Papo hapo akili inakimbilia zile video za TikTok: kuta nyeupe za jipsamu, kona zimenyooka kama wembe, taa ndogondogo kila pembe. Unampigia fundi simu. Anakuja, anapima, anachora kwenye kipande cha katoni, kisha anakutajia bei ya bodi, fremu, filla, msasa, andakoti na rangi mikono miwili. Unameza mate.

Kabla hujamtumia hata shilingi ya kwanza, jiulize swali moja. Ukuta utakaofichwa na magunia, masanduku na viti vilivyovunjika mguu, unahitaji kupendeza?

Hauhitaji. Unahitaji mambo mengine, na mengi ya hayo hayaonekani kwenye video. Ukikosea hapo, hasara haitakuwa ya rangi kubanduka tu. Inaweza kufika kwenye sufuria ya ugali.

Jua kwanza unachonunua

Bodi ya jipsamu si kitu kigeni sana. Ni jiwe laini lililosagwa, likachomwa, likakorogwa na maji na kugandishwa katikati ya karatasi mbili nzito. Mmarekani Augustine Sackett alipata hataza ya bodi za namna hiyo mwaka 1894, na hadi leo wazo ni lile lile. Kwenye hadwea utakuta shiti za mita 1.2 kwa 2.4, nyingi zikiwa na unene wa milimita 9 au 12.

Sifa yake kubwa ni moto. Karibu sehemu moja kwa tano ya uzito wa jipsamu ni maji yaliyofungwa ndani ya madini yenyewe. Moto ukiishika, maji hayo hugeuka mvuke kwanza, na ukuta unakununulia dakika za kutoka nje.

Udhaifu wake mkubwa ni unyevu. Jipsamu ikilowa hulegea, na ile karatasi ya juu ni chakula cha ukungu wa kuvu. Fundi anaweza kuilainisha hadi ing'ae, lakini kama nyuma yake kunachuruzika maji, baada ya msimu mmoja utaona madoa meusi, na baada ya miwili kidole kitapenya.

Kuna bodi za kijani, ambazo huvumilia unyevu zaidi ya zile nyeupe. Zinasaidia, lakini kuvumilia unyevu si kuvumilia paa linalovuja. Usiuziwe bodi ya kijani kama dawa ya mabati yenye matundu.

Ngazi sita, na wewe unahitaji mbili tu

Hapa ndipo unapookoa chapaa. Marekani, watu wa sekta ya jipsamu walikubaliana ngazi sita za kumalizia ukuta, kuanzia 0 hadi 5. Zijue, uongee na fundi wako mkielewana.

Ngazi ya 0 ni bodi kupigwa skrubu basi, bila kuguswa tena. Ngazi ya 1, viungo vyote vya bodi na kona za ndani huwekwa tepu ndani ya filla. Alama za mwiko zikibaki, hakuna anayelalamika. Ngazi ya 2, filla nyembamba hupita juu ya tepu na vichwa vya skrubu navyo hufunikwa mara moja. Ngazi ya 3 na ya 4 huongeza tabaka juu ya tabaka mpaka ukuta uko tayari kwa rangi ya sebuleni. Ngazi ya 5, ukuta mzima hupakwa tabaka jembamba kutoka pembe hadi pembe, ili hata taa ikiumulika kwa ubavu usione kiungo.

Ngazi ya 1 iliwekwa kwa ajili ya mahali kama darini, pasipoonwa na watu. Ngazi ya 2 ni ya stoo na gereji. Kwa hiyo fundi akikupigia hesabu ya ukuta wa ngazi ya 5 kwa chumba cha kuwekea majembe na mitungi, mwambie kwa heshima, "Fundi, hii ni stoo. Nipe tepu, filla mkono mmoja wa juu, na skrubu zifunikwe. Basi."

Lakini usishuke hadi 0 eti hakuna atakayeona. Viungo visivyozibwa ni barabara ya vumbi, mende na siafu. Tena ile kinga ya moto uliyolipia inapotea, kwa sababu moto na moshi hupita kwenye nyufa kabla ya kupita kwenye bodi.

Sasa pesa uliyookoa kwenye urembo ipeleke kwenye hewa, kwenye mbao, na kwenye ngazi ya kupandia isiyotikisika.

Mabati hutoka jasho

Ukitoka Voi na joto lake, ukapita Mwatate, kisha ukaanza kupanda, utahisi mwenyewe hewa ikibadilika. Ronge Nyika si Ronge Juu. Milima ya Taita husimama katikati ya nyika kavu na kuipokea hewa yenye unyevu inayotoka Bahari ya Hindi. Hewa hiyo ikipanda hupoa, ikipoa huwa mawingu na ukungu. Ndiyo maana misitu ya juu kama Mbololo na Ngangao imebaki kijani wakati kule chini nyasi zimekauka.

Ukungu huo hauishii msituni. Usiku, mabati hupoteza joto haraka, mara nyingi yakawa baridi kuliko hewa iliyo chini yake. Hewa yenye unyevu ikiyagusa, hutengeneza matone upande wa ndani, kama soda baridi inavyotoka jasho mezani. Hakuna mvua iliyonyesha, hakuna tundu kwenye paa, lakini asubuhi mbao zimelowa. Wenyewe husema paa linavuja. Halivuji, limetoka jasho.

Dari isiyofunikwa hujikausha yenyewe jua likichomoza, kwa sababu upepo unapita kati ya mabati na ukuta. Ukija wewe na bodi zako, ukabandika kila mahali na kuziba kila upenyo ili pawe nadhifu, unafungia lile jasho ndani. Kila usiku linaongezeka kidogo, na mchana halina pa kutokea.

Kwa hiyo, kabla ya bodi hata moja kupanda juu, hakikisha mambo matatu.

Moja, paa lenyewe. Kagua misumari, kofia ya paa, na mahali mabati yanapopandana. Fanya hivyo mvua ikinyesha, uone kwa macho, usisimuliwe.

Mbili, nafasi nyuma ya bodi. Usibandike bodi ikagusa mabati. Acha angalau sentimita 5 za hewa, na nafasi hiyo ianzie ukingoni mwa paa hadi juu kileleni bila kuzibwa.

Tatu, matundu. Toboa pande mbili zinazotazamana, ili hewa ikiingia huku itokee kule. Ziba kila tundu kwa wavu wa chuma wenye macho madogo. Bila wavu, popo na panya watakushukuru sana.

Kama uko Ronge Nyika, tatizo lako kubwa ni joto. Matundu hayo hayo yatakusaidia, maana mchana chini ya mabati huwa kama oveni. Usiweke huko mtungi wa gesi, mafuta ya taa, petroli ya pikipiki wala makopo ya rangi. Na dawa za binadamu pia zitaharibika.

Na mahindi je?

Hili ndilo swali ambalo mama hataliuliza, kwa sababu kwake jibu liko wazi. Stoo ni ya kuwekea mahindi. Mavuno ya vuli yakiiva, magunia yanapanda juu.

Nyanya zetu waliweka mahindi juu pia, lakini angalia waliyaweka wapi. Waliyaweka kwenye uchaga, juu ya meko. Chini moto ukiwaka kila siku, moshi na joto vilipanda, vikakausha mahindi na kuwafukuza dumuzi. Uchaga ulikuwa wazi, umejaa masizi, hauna urembo wowote, lakini ulikuwa mashine ya kukaushia. Dari yako mpya ya jipsamu haina moto chini, haina moshi, na kama umeiziba haina upepo. Ukiweka mahindi yenye unyevu hapo, umeyapikia kuvu uji.

Kuvu wanaoota kwenye mahindi mabichi wanaweza kutoa sumukuvu, ile aflatoksini. Huioni, huionji, na ugali ukichemka haiondoki. Mwaka 2004, sumu hiyo ililipuka mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui. Makueni ni jirani kabisa wa Taita Taveta, ukivuka tu Mtito Andei. Watu 317 waliripotiwa kuugua na 125 wakafa. Wachunguzi walipofuatilia, moja ya mambo waliyoyakuta ni kwamba watu walikuwa wamehifadhi mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba badala ya ghalani kwenye hewa.

Ndani ya nyumba. Kama dari unayotaka kuijenga.

Hii haimaanishi mahindi yasipande juu kamwe. Yapande yakiwa makavu. Kiwango kinachokubalika Kenya ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Kama huna kipimo, tumia chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi kiasi cha theluthi moja, ongeza chumvi kavu vijiko viwili au vitatu, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado mabichi, yarudishe juani juu ya turubai. Isiponata, yanakaribia. Yaanike siku nyingine ya jua kali kabla ya kuyafunga, maana chumvi hukuonyesha unyevu mwingi tu, haikufikishi hadi kile kiwango.

Halafu yatie kwenye ile mifuko isiyopitisha hewa, yenye plastiki ndani. Hewa ikikosekana, dumuzi hufa bila dawa. Lakini mifuko hiyo haikaushi. Ukifungia mahindi mabichi, yatabaki mabichi. Na usiyaegemeze ukutani wala kuyalaza sakafuni. Weka fito au mbao chini, acha nafasi ya kupitisha mkono kati ya gunia na bodi.

Mbao zitabeba nini?

Gunia moja la mahindi ni kilo 90. Magunia kumi ni kilo 900, sawa na watu wazima kama 13 wamesimama juu ya kitanda chako usiku umelala. Shiti moja ya jipsamu ya milimita 12 nayo ina kama kilo 20 na zaidi, na ukuta mmoja wa dari unaweza kula shiti nyingi.

Nyumba nyingi zilijengwa bila mtu kufikiria kwamba juu patawekwa chochote. Mbao za silingi ziliwekwa kushika silingi, si kubeba mavuno. Unaweza kukuta mbao za fobaitu zimeruka chumba kizima bila mhimili katikati. Huko si stoo, huko ni mtego.

Hapa usibahatishe. Mwite fundi seremala mzoefu, aangalie ukubwa wa mbao, zimeachana kiasi gani, na zimekaa juu ya nini. Kama kuna shaka, vitu vizito vikae juu ya kuta za mawe, si katikati ya chumba, na mahindi yabaki chini. Weka juu nguo za msimu, masanduku matupu, viti vya plastiki vya sherehe. Na ukiwa juu, kanyaga boriti, usikanyage silingi. Watu wameanguka sebuleni wakiwa wanatafuta rimoti ya zamani.

Sasa kazi yenyewe

Paa halivuji, hewa inapita, mbao ziko imara. Sasa jipsamu ina haki ya kupanda. Kama utaifanya mwenyewe na rafiki, au unataka kumsimamia fundi ukijua anachofanya, mpango ni huu.

Bodi zipande zikiwa kavu. Zikija na lori kutoka Voi, zilazwe bapa juu ya mbao, ndani ya nyumba, si kuegemezwa nje ukutani. Bodi iliyoegemezwa wiki nzima hupinda.

Chini ya ukuta acha nafasi ya kama sentimita 1, bodi isiguse sakafu. Maji yakimwagika, karatasi isiyanyonye.

Skrubu zikae takriban sentimita 30 kati ya moja na nyingine, na zisiwe ukingoni kabisa mwa bodi. Kichwa kizame kidogo tu bila kuchana karatasi. Kikichana, skrubu hiyo haishiki kitu. Piga nyingine pembeni.

Changanya filla kidogo kidogo kwenye ndoo safi. Ndoo yenye mabaki ya jana hufanya filla mpya igande upesi, na utaishia kutupa nusu ya mfuko. Jaza kiungo, bandika tepu, pitisha mwiko ukibana ili filla ya ziada itoke. Ile tepu ya wavu unayoiona kwenye hadwea kazi yake ni kushikilia filla isipasuke. Wazo hilo ni la zamani. Mafundi wa plasta walikuwa wakichanganya nyuzi kwenye jipsamu, zikiwemo za katani, ile ile inayolimwa kwenye mashamba makubwa ya Mwatate.

Acha ikauke. Kwenye joto la nyika, siku moja inaweza kutosha. Kwenye ukungu wa juu, ipe siku mbili, tatu. Kiraka kikiwa bado cha rangi ya kijivu na baridi ukikigusa, hakijakauka, hata fundi akikuapia. Ndiyo maana Januari na Februari ni miezi mizuri ya kazi hii kuliko msimu wa mvua.

Kisha mkono mmoja wa filla juu ya tepu na vichwa vya skrubu. Kikikauka, pitisha msasa kidogo kuondoa manundu. Vaa barakoa na ufungue matundu yote, maana vumbi la filla kwenye chumba kidogo linaingia kifuani, halingoji ruhusa.

Rangi je? Kwa stoo si lazima, lakini mkono mmoja wa andakoti ya maji husaidia karatasi isishike uchafu, na rangi nyeupe hukupa mwanga ukitafuta kitu na tochi. Usipake rangi ya mafuta. Ukuta wa huku unahitaji kupitisha unyevu, si kufungiwa ndani ya koti la plastiki.

Kabla hujatuma hela

Ukiongea na fundi, mkubaliane kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa WhatsApp. Ngazi ya kumalizia ni ipi, mita za mraba ni ngapi, nani ananunua vifaa, na matundu ya hewa yatakuwa wapi. Lipa kwa hatua. Malipo ya kwanza yasiwe ya bodi, yawe ya kukagua paa na mbao. Fundi mzuri hatakasirika, atajua ana mteja anayeelewa kazi.

Halafu fanya hivi. Kesho amka saa kumi na mbili, kabla jua halijashika mabati. Panda juu na tochi, weka kiganja upande wa ndani wa bati, kisha kwenye mbao, kisha kwenye ukuta wa jiwe. Kikitoka kikiwa kikavu, rudia asubuhi mbili zaidi, hasa ile ya ukungu, ndipo umpigie fundi wa jipsamu. Kikitoka kimelowa, mpigie fundi wa paa kwanza. Na mueleze mama kwa nini magunia yatangoja.